Masika Tuliyomtafuta Shaaban

Jumatano, 14 Machi 2007

Wavuvi wameacha kutafuta. Shemeji yangu Twalha ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni na viatu mkononi kwa ajili ya tope, akasema, "Shemeji, wamefika mwisho wa uwezo wao. Wamekokota ndoano mpaka upande wa Nakwa. Hawajapata kitu." Nilimpa chai, akainywa akiwa amesimama.

Naandika kwa sababu humu ndani hakuna wa kumwambia kwamba mume wangu amekufa. Nikilitamka neno hilo, mama mkwe anatoka chumbani.

Mambo yalikuwa hivi. Alhamisi iliyopita Shaaban aliingia ziwani na mtumbwi wa Xavery, kupiga picha za nyavu haramu. Aliyemtuma ni Theodory, afisa uvuvi. Kiboko aliibuka chini yao, mtumbwi ukapinduka. Xavery aliogelea mpaka kwenye matete. Shaaban alikuwa hajui kuogelea.

Mama mkwe anasema mwanawe alitokea ng'ambo, akili ikamruka kwa hofu, na ikimrudia atarudi nyumbani. Kila jioni anampakulia chakula na kukifunika kwa sahani nyingine.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua kutwa. Binti yetu Sabrina hakwenda shule.

Jumamosi, 17 Machi

Nimefungua studio yetu ya picha. Majirani wa pale sokoni walinitazama kama niliyevua nguo. Lakini watu wanataka paspoti saizi, na tangu mkoa uanze Babati haiishi wageni wanaotafuta kazi. Mteja wa kwanza alikuwa dada mmoja kutoka Mbulu. Nilimwambia ainue kidevu, sauti yangu ikakatika katikati. Aliinua kidevu akakaa vile vile, akinisubiri.

Kwenye meza ya ufundi kasha lilikuwa pale Shaaban alipoliacha. Ni kasha la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, la kuingizia kamera ndogo ili ipige picha chini ya maji. Mtafiti mmoja wa samaki alimwachia Theodory pamoja na kamera yake kwa sababu lilikuwa linavuja, na Theodory akalileta kwetu mwezi wa kwanza. Mume wangu alikuwa akiliahirisha kila siku. Picha na wateja ndiyo ilikuwa kazi yake, vitu vya kufungua na kufunga ni vyangu. Baba yangu alikuwa fundi saa Kondoa, nami nimekulia miguuni pa meza yake.

Nilitaka kulitupa nje. Nikalifunika kwa kitambaa.

Jumatatu, 19 Machi

Theodory amekuja studio. Amekonda. Alisema, "Mama Sabrina, pole na msiba." Nikamjibu kwamba msiba bado, mama mkwe wangu hajauruhusu. Sikumpa kiti.

Akasema amekuja kuchukua lile kasha asiendelee kunisumbua nalo. Alikuwa ameshalishika liliponitoka swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Likizibwa, linaweza kushuka mpaka chini kabisa ya ziwa?"

"Linaweza. Ziwa letu halina kina kirefu."

"Na kamera hiyo inachukua video?"

Alinielewa. Alilirudisha mezani polepole, akavuta kiti mwenyewe akakaa. "Maji sasa hivi ni tope tupu," alisema. "Lakini mvua ikipumzika siku chache, asubuhi kabla ya upepo huwa yanatulia. Kuna nyavu nyingi zilizotelekezwa kule chini. Mimi nadhani..."

Nilimkatiza. Ninachodhani mimi ni hicho hicho, na sikutaka kukisikia kwa sauti yake.

Jumanne, 20 Machi

Jaribio la kwanza. Niliweka tishu kavu ndani ya kasha bila kamera, nikalifunga, nikalizamisha kwenye ndoo na kulikandamiza kwa tofali. Nilipolitoa, tishu ilikuwa imelowa kona moja, karibu na bawaba. Si maji mengi, ni kama jasho la mtu. Lakini kamera haihitaji zaidi ya hapo kufa.

Alhamisi, 22 Machi

Kinachozuia maji ni mpira mwembamba wa duara unaokaa kwenye mfereji kuuzunguka mlango. Niliutoa kwa kona ya kadi ya simu, maana ukitumia sindano unautoboa. Chini yake kulikuwa na mchanga na unywele mmoja. Unywele tu unatosha kupitisha maji. Nimesafisha mfereji kwa pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe.

Mama mkwe alipita studio akitoka sokoni. Shikamoo yangu aliipokea, kisha akatazama ndoo.

"Hicho ndicho mnachotaka kumtafutia mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu hayuko majini. Wewe unatafuta maiti. Mimi namtafuta mtu."

Ijumaa, 23 Machi

Baada ya swala Shekhe Luqmani alikuja nyumbani, Twalha alimwita. Twalha anataka tusome khitma, na mimi nikae eda, maneno ya watu yakome. Shekhe aliuliza nani aliona. Twalha akasema Xavery. Shekhe akauliza Xavery aliona nini hasa: kufa, au kuzama? Akasema atawauliza wenzake wa Arusha, tusubiri kwanza.

Mama mkwe alisikiliza yote kutoka jikoni. Shekhe alipoondoka alisema, "Umeona? Hata shekhe hajasema."

Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikikaa eda leo sitatoka, na nisipotoka kasha litabaki linavuja na Shaaban atabaki huko alipo. Siku nitakayompata ndiyo siku nitakayoingia ndani. Najua hivyo kila ninapoushika ule mpira.

Jumapili, 25 Machi

Bado kona inalowa. Nimeutazama mpira kwa lenzi ya baba: umechanika kidogo, alama ndogo kama kucha ya mtoto. Kuutengeneza haiwezekani, ni kupata mwingine.

Jumatatu, 26 Machi

Twalha anauza spea za pikipiki karibu na stendi. Alisema hataki kuhusika na jambo linalomuumiza mama yake. Kisha akafungua makasha yote ya mipira dukani, ya breki, ya kabureta, ya taa, tukakaa chini sakafuni tukipima mmoja mmoja. Mmoja ulikaa kwenye mfereji kama uliozaliwa humo. Aliubana mkononi muda mrefu kabla ya kunipa.

"Kaka alikuwa anaogopa maji hata ya beseni," alisema. "Unajua tulipokuwa wadogo?"

"Najua."

"Basi alifuata nini kule?"

Nimelala na swali hilo.

Jumatano, 28 Machi

Nimepaka mpira mpya grisi ya saa ya baba, kiasi cha kung'aa tu. Ikizidi inanasa vumbi. Kwenye ndoo, tishu ilitoka kavu. Nikarudia. Kavu.

Nilicheka peke yangu studio, kisha nikafunga mlango nikalia.

Jumamosi, 31 Machi

Maulidi. Mama mkwe amekataa kwenda. Nimempeleka Sabrina.

Jumatatu, 2 Aprili

Konda mmoja kamwambia mama mkwe kwamba Katesh kuna mwanamume anazurura sokoni, hasemi jina lake, mrefu, ana bandeji mguuni. Shaaban alikuwa mfupi. Mama mkwe amepanda basi la asubuhi.

Jumanne, 3 Aprili

Leo nimeingia ziwani mara ya kwanza. Xavery alikuwa akitungoja na mtumbwi mkubwa wa kuazima. Kijana huyu nimemchukia mwezi mzima, kwa kosa moja la kurudi akiwa hai. Hakunitazama. Theodory alikaa mbele akichunga viboko. Walikuwa mbali, migongo tu, kama mawe yaliyooshwa.

Theodory alishauri tusiingize kamera kwanza. Kina cha ndoo na kina cha ziwa ni tofauti, alisema, chini maji yanabana zaidi. Nilitaka kubishana. Tukafunga kasha tupu kwenye ncha ya mwanzi mrefu pamoja na jiwe, tukalishusha mpaka likagusa chini.

Lilirudi na tone moja linalotambaa kwenye kioo. Kisha nikaona la pili.

Nilimfokea Theodory kama vile yeye ndiye aliyelitia maji. Nilimwambia asingemtuma mume wangu, tusingekuwa hapa. Alikubali kwa kichwa. "Kweli," alisema. "Kila asubuhi naamka na neno hilo hilo." Xavery akaendelea kupiga kasia.

Mama mkwe amerudi jioni. Alikuwa peke yake. Alipakua chakula, akakifunika.

Ijumaa, 6 Aprili

Maji hayapiti mlangoni. Nilipaka unga wa chaki ndani karibu na vitufe ili nione njia, nikalizamisha kasha na kulikandamiza kwa ndoo iliyojaa maji: mchirizi mwembamba ulianzia kwenye kitufe cha kupigia picha. Kuna mpira mdogo pale kwenye kijiti chake, mdogo kuliko tundu la sindano ya viatu. Nimekifungua kitufe. Springi yake ilirukia chini ya kabati, nikaitafuta kwa sumaku kutwa nzima.

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Nilidhani Theodory ameenda kwao Rombo kama wenzake wa ofisini. Saa nne akatokea studio na shati la kanisani, ameshika mfuko wa mipira ya saa za zamani aliyoomba kwa fundi wa Arusha. Nilimuuliza wanawe hawamsubiri? Akasema mke wake amemwambia asirudi nyumbani mpaka kazi hii iishe.

Safari hii nilimpa kiti. Alishika tochi, mimi nikavisha mpira kwenye kijiti. Tulifanya kazi polepole, kama watu wanaomtoa mtoto mwiba.

Jumanne, 10 Aprili

Tumeshusha kasha tupu. Limerudi kavu. Tukalishusha tena mahali penye kina zaidi, nikabana tishu kati ya vidole mpaka nikaamini.

Tukaingiza kamera. Tulipoiunganisha na televisheni ya studio, tuliona rangi ya chai ya maziwa, dakika baada ya dakika. Basi.

Jumamosi, 14 Aprili

Mvua. Ziwa limepanda mpaka kwenye mashamba ya watu.

Jumatano, 18 Aprili

Mvua. Barabara ya Mutuka haipitiki.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua. Nimeulainisha mpira na kulifunga kasha tena bila sababu.

Jumanne, 24 Aprili

Jua lilitoka, tukajaribu. Bado chai. Theodory alikuwa na kikao mkoani, kwa hiyo tulikuwa mimi na Xavery, na Twalha, ambaye alijitokeza pale ufukweni bila kuitwa akaingia mtumbwini akishikilia kingo.

Twalha alikuwa amefumba macho akisoma dua. Xavery akasema kwa sauti ya chini, akitazama kasia lake, "Mama Sabrina. Alinishika mguu."

Nilimgeukia.

"Alinishika kwa nguvu, tukawa tunazama wote. Nilimpiga teke. Akaniachia." Akafuta uso kwa bega. "Nilimwambia polisi niliona mkono. Sikuona mkono. Nilihisi mkono."

Nilitazama upande wa mlima Kwaraa. Ulikuwa wazi siku hiyo, kila mti. Nilifikiri nitapiga kelele au nitamsukuma majini. Badala yake nilimpa kasha alishike, nifunge fundo la mwanzi lililolegea, na alilishika kwa mikono miwili mpaka nikamaliza. Sijui huko ni kusamehe au ni nini. Najua tu kwamba tangu mwanzo amekuja kila nilipomwita, wakati wavuvi wenzake hawali naye tena.

Twalha hakusikia. Na mimi sitamwambia.

Jumapili, 29 Aprili

Hakuna mvua tangu juzi. Mama mkwe ameanza kukohoa. Bado anapakua.

Alhamisi, 3 Mei

Maji yanatulia. Theodory anasema Jumamosi.

Jumamosi, 5 Mei

Tulitoka mapema, ziwa limelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Tulishusha kasha na tochi sehemu nyingi, kuanzia pale mtumbwi ulipopindukia kuelekea kwenye matete. Nilipolitoa mara ya mwisho nilitazama tishu kwanza, kwa mazoea. Kavu.

Studio tulifunga mlango nusu. Twalha, Theodory na mimi mbele ya televisheni. Kwanza magugu. Tope likiinuka kama moshi. Kambale mmoja akapita. Kisha wavu, mkuukuu, umejaa majani, umejikunja juu ya kitu. Kamera ikagonga, ikageuka. Kwenye wavu kulikuwa na mkanda wa kamera.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia na hotipoti la chakula cha mchana. Hakuna aliyewahi kuzima. Alisimama nyuma yetu.

"Rudisha nyuma," alisema.

Theodory alinitazama. Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha. Ulikuwa ni mkanda mpana, umeshonewa kitenge ndani ili usimkwaruze shingo. Rangi zilikuwa zimefifia, lakini mishono ya msalaba ilionekana.

"Huo nilimshonea mimi," alisema mama mkwe. "Alilalamika shingo."

Aliweka hotipoti juu ya meza, akalisogeza lisidondoke. Twalha alianza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, na mama yake akamwekea mkono kichwani akimtazama Theodory.

"Wewe ndiye wa uvuvi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mfuateni kesho mapema, baba, kabla upepo haujaanza."

Jioni nilimsikiliza akiwa jikoni. Alipakua sahani ya Sabrina, yangu, ya Twalha, na yake. Akaosha sufuria.

Jumapili, 6 Mei

Wamemleta. Wavuvi walikwenda kwa mitumbwi mingi, hata waliomtenga Xavery. Wanasema Xavery ndiye aliyezama na kisu kukata wavu, alizama na kuibuka mpaka midomo ikawa ya bluu, na hakukubali mwingine ashuke.

Mimi nilibaki kwenye nyasi na wanawake. Waliniomba nisimwangalie. Nilisema nimechoka kutazama vitu kupitia kioo. Waliniacha nione mkono mmoja wa shati, lile la mistari, na kifungo nilichokishona kwa uzi usiofanana. Yaliyobaki Shekhe Luqmani alinisihi nimwachie Mungu, nami nimemwachia.

Hakuosheka. Walimpangusa kwa udongo badala ya maji, wakamvika sanda, wakamswalia alasiri. Theodory alisimama nje ya makaburi na kofia mkononi. Sabrina aliuliza kwa nini baba amefungwa hivyo. Shangazi yake alimchukua.

Jumatatu, 7 Mei

Nimeingia ndani. Shekhe amesema eda ihesabiwe tangu siku aliyozama. Kwa hiyo muda wote ule niliokuwa nikipanda mtumbwi na kukaa na wanaume mezani nilikuwa mjane, isipokuwa hakuna aliyekuwa na hakika. Majirani watasema. Waseme.

Alhamisi, 10 Mei

Khitma. Watu wengi. Xavery alikaa nje kabisa, Twalha akamfuata na sahani ya pilau, akala naye pale pale kwenye ukuta.

Jumamosi, 12 Mei

Theodory amekuja kuaga, anaenda Rombo kuona familia yake. Tuliongea kupitia dirishani. Alitaka kuniachia kasha. Nikamwambia alichukue, litamfaa kwa zile nyavu, ila asisahau kuutoa mpira baada ya kazi, asiuache umebanwa. Alirudia maneno yangu kama mwanafunzi. Kisha akasema, "Faudhia, nisamehe." Hajawahi kuniita jina. Nilimwambia aendeshe polepole, njia ya Minjingu ina mashimo.

Jumapili, 13 Mei

Hakuna kitu. Nimelala sana.

Jumanne, 15 Mei

Tulidhani masika yamekwisha. Leo saa kumi mawingu yakashuka kutoka Kwaraa na mvua ikaanza kwa kishindo, ile mvua ya matone makubwa inayochimba ua.

Nilikuwa nikimsuka Sabrina. Niliposikia mabati nilisimama, kichana kikaanguka. Sikujua naenda wapi. Nilifika mlangoni na mtandio mkononi, nikaona ua unajaa, nikafikiri kuhusu udongo wa kaburi, bado ni mpya, haujashikamana, na maji yanavyoutafuta udongo mpya. Miezi miwili amekaa majini. Nilisema kwa sauti, "Anaingiwa na maji."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Sikutaka asikie. Nilingoja anikemee, kwamba nipo eda, kwamba maiti hanyeshewi, kwamba hayo ni maneno ya kitoto.

"Rudi ukae," alisema. "Wewe huruhusiwi."

Nikarudi. Sabrina alinishikilia goti. Mama mkwe alimalizia ungo wake, akaufunika. Kisha akainuka kwa kujishika kiuno, akavaa mabuti ya Twalha yaliyomzidi, akaenda stoo. Nilisikia vitu vikianguka. Alipita mbele yetu amebeba turubai la kuanikia mahindi, amelikunja begani, akatoka nalo mvuani bila mwavuli. Nilimwita, "Mama, kifua chako!" Hakugeuka.

Alirudi magharibi imeshaadhiniwa, maji yanamtiririka, tope mpaka magotini, viganja vimechubuka. Nilimvua mabuti. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, ikabidi arudie mara mbili ndipo nikamsikia.

"Nimemfunika," alisema. "Nimebana mawe pande zote. Hayaingii."